Jicho Linaloangaza Sawa la Paka
Somo la biolojia na afya kwa wanafunzi wa kilasi zote



Katika somo la biolojia tulikwisha kujifunza juu ya seli na namna inavyojigawanya. Siku ile mwanafunzi moja aliuliza: "Mwalimu, haya mambo ya seli yatatusaidia nini kule nyumbani?" Wengine wakacheka, lakini ulizo lake lilikuwa zuri, na sikulijibu vema. Leo nataka kulijibu.

Nitawaeleza ugonjwa moja unaoanza kwa seli moja tu, ndani ya jicho la mtoto mdogo. Ni ugonjwa wa nadra, maana yake hauonekani mara mingi. Wanganga wengi wanafanya kazi miaka na miaka bila kuuona hata mara mbili. Na mtu wa kwanza anayeweza kuutambua ni yule anayebeba mtoto, anayemwogesha na kucheza naye. Hapa kwetu, mara mingi mtu yule ni dada mkubwa au kaka mkubwa. Ni ninyi.

1. HABARI YA NYUMBA MOJA

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu kijana, nikipanga chumba kwa jamaa moja yenye watoto sita. Mtoto wa mwisho alikuwa msichana wa mwaka moja na nusu. Jioni moja koko yake alimpakata karibu na taa. Akamwangalia sana, kisha akaita mama ya mtoto:

"Mama, kuya uone. Ile jicho ya mutoto njo inaangaza sawa ya paka."

Mama akaja, akainama, akaangalia. Hakuona kitu. Akasema: "Koko, ni taa tu." Mtoto hakuwa na homa, hakulia, alikula vizuri. Basi tukasahau.

Nyuma ya miezi jicho lile likaanza kugeuka upande, halitazami pamoja na lingine. Jirani moja akasema ni upepo. Mwingine akasema kuna mtu katika jamaa anayemwonea mtoto wivu. Wakaleta maji ya majani, wakatia ndani ya jicho. Wakanunua dawa ya kupakaa, wakapakaa. Mtoto alipokaribia miaka mitatu, jicho lilivimba na kutokea inje. Ndipo wakampeleka hospitali kubwa.

Munganga aliuliza ulizo moja tu: "Mlianza kuona weupe ndani ya jicho wakati gani?" Koko akahesabu kwa vidole. Akajibu: "Docta, inapita mwaka moja." Munganga akanyamaza kidogo, kisha akaandika.

Walifanya yote waliyoweza, kisu na dawa. Lakini ugonjwa ulikwisha kutoka ndani ya jicho na kwenda mbali. Mtoto hakumaliza mwaka.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia ndani ya nyumba ile. Nilijua kuchora jicho ubaoni na kuandika majina ya sehemu zake zote. Koko hakujua kusoma, lakini ni yeye aliyeona. Ugonjwa ulikuwa umetambuliwa mapema kabisa, jioni ile karibu na taa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia: "Koko, una haki. Kesho asubuhi twende." Ndiyo sababu ninaandika somo hili.

2. UVIMBE HUU NI NINI?

Mnakumbuka kwamba nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna ngozi nyembamba inayopokea nuru. Jina lake ni retina. Kutoka retina habari ya nuru inapita ndani ya mshipa wa kuona mpaka kwenye ubongo. Mshikeni neno hili la mshipa, kwa sababu tutalirudilia.

Wakati mtoto angali tumboni, na katika miaka yake ya kwanza, seli changa za retina zinaendelea kujigawanya na kukomaa. Kisha zinaacha. Mara moja moja, seli moja inakataa kuacha. Inajigawanya bila mpaka, inakuwa uvimbe mweupe. Uvimbe huu ni kanseri, na jina lake ni retinoblastoma. Unashika jicho moja au macho yote mawili. Karibu watoto wote wanaoupata wangali chini ya miaka 5. Ninyi mnaosoma hapa mmekwisha kupita wakati wake; wadogo wenu hawajapita.

Unaonekana mara ngapi? Wanganga wamehesabu mtoto moja kwa watoto 15.000 mpaka 20.000 wanaozaliwa. Unaweza kusema: "Kumbe ni kidogo sana!" Basi tufanye hesabu. Katika Kongo yetu wanazaliwa watoto zaidi ya milioni 4 kila mwaka. Gawanya 4.000.000 kwa 20.000. Jibu ni 200. Ni kama kujaza madarasa manne ya watoto kila mwaka. Nadra kwa kijiji kimoja haiko nadra kwa nchi nzima.

Tena kuna hatari moja ya magonjwa ya nadra: hakuna anayeyawazia. Malaria kila mama anaijua. Lakini jicho jeupe, mama hajapata kuliona kwa jirani, wala mwuguzi wa kituo kidogo hajaliona. Kwa hiyo wanampa dawa ya macho ya kawaida na kusema: "Rudi nyuma ya mwezi." Si uovu. Ni kutokujua.

3. SABABU GANI UNATOKEA?

Hapa tupate msaada wa kinga. Kinga, ile velo yetu, ina freni mbili, ya mbele na ya nyuma. Freni moja ikikatika, bado unaweza kusimama. Zikikatika zote mbili ukiwa kwenye mteremko, hutasimama tena.

Seli vilevile. Kwenye kromozomu ya 13 kuna jeni inayozuia seli kujigawanya ovyo. Wataalamu wanaiita RB1. Kila mtu anayo mara mbili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Hizi ni freni mbili za seli. Ikiharibika moja, ya pili inatosha. Zikiharibika mbili ndani ya seli moja ya retina, uvimbe unaanza.

Aliyefahamu jambo hili ni munganga wa watoto wa Marekani, Alfred Knudson, mwaka 1971. Hakuwa na mashini ya kuona jeni. Alikaa na habari za wagonjwa 48 tu, akapanga umri wao na hesabu ya uvimbe wao. Akaona ya kwamba watoto wenye uvimbe katika macho mawili wanaugua mapema kuliko wale wa jicho moja. Akafikiri hivi: wale wa macho mawili wamezaliwa tayari na freni moja mbovu katika kila seli, inabaki ya pili tu kukatika. Wale wengine walizaliwa na freni mbili nzima. Mpaka zote mbili zikatike ndani ya seli moja, inahitaji wakati mrefu zaidi. Mwaka 1986 wataalamu wakaipata ile jeni yenyewe, na wazo la Knudson likaonekana ni kweli. Ninyi mnaochukia hesabu, angalieni kazi yake: kalamu na namba zilifungua mlango wa kufahamu kanseri nyingine pia.

Kwa hiyo kuna aina mbili. Karibu watoto 40 katika 100 wanazaliwa na freni moja mbovu katika mwili mzima. Watu hawa wanaweza kuirizisha kwa watoto wao. Wale 60 wengine, haribiko limetokea ndani ya jicho tu, na halirithiwi. Wengi hata wa aina ya kwanza hawakupokea kwa baba wala kwa mama. Haribiko lilitokea jipya kabisa wakati mimba inaanza.

Ndani ya mambo haya yote hakuna laana, hakuna jirani mwenye wivu, hakuna kosa la mama wakati wa mimba. Mama anayeshitakiwa atamficha mtoto. Na mtoto aliyefichwa atachelewa.

4. NAMNA YA KUUTAMBUA

a) Nyumbani

Dalili ya kwanza, na ya kupita zote, ni weupe ndani ya mboni. Mboni ya jicho ni lile tundu jeusi la katikati. Nuru ikiingia katika jicho zima na kurudi, inaonekana nyekundu au rangi ya machungwa. Kama kuna uvimbe, inarudi nyeupe au manjano, sawa jicho la paka usiku. Weupe huo unaonekana upande moja na kupotea upande mwingine; ndiyo maana koko aliona na mama hakuona. Mtu moja akisema "nimeona", wengine wasiseme "umeota".

Siku hizi simu inasaidia. Ukipiga foto ya mtoto kwa mwangaza wa simu, chumba kikiwa na giza kidogo, naye akitazama mbele, angalia mboni zote mbili. Moja ikiwa nyekundu na nyingine nyeupe, piga tena mara mbili, tatu. Pengine ni mwangaza tu uliogonga pembeni. Lakini weupe ukirudi katika jicho lile lile, usingoje. Peleka na ile foto kwa munganga, usiifute.

Dalili ya pili ni jicho linalogeuka upande, yaani makengeza yanayoanza. Kisha jicho jekundu lisilopona, jicho linalouma, jicho linalokuwa kubwa. Zile za mwisho ni dalili za kuchelewa. Shikeni neno hili: mwanzoni ugonjwa hauumi. Mtoto anacheza na kucheka. Tukingoja aumie, tumengoja sana.

Tena si kila weupe ni kanseri. Kuna ukungu wa lenzi, unaoitwa katarakte, ambao mtoto anaweza kuzaliwa nao. Kuna minyoo ya mbwa inayoingia katika jicho. Kuna mishipa mibaya ya damu ndani ya retina. Kazi yetu si kutaja jina la ugonjwa. Kazi yetu ni kusema: "Kuna weupe. Twende."

b) Hospitalini

Munganga wa macho anatia matone yanayofungua mboni. Mtoto mdogo hawezi kutulia, kwa hiyo analazwa kwa dawa ya usingizi. Wakati amelala, munganga anaangalia retina nzima, pembe zote, na macho yote mawili, hata lile linaloonekana zuri. Chombo cha kuangalia ndani ya jicho kilitengenezwa na Mjeremani Hermann von Helmholtz mwaka 1851, na vya leo ni watoto wa chombo kile.

Kisha kuna ekografi, mashini ile ile inayoangalia mtoto tumboni. Ndani ya uvimbe huu mara mingi kuna vipande vidogo vya chokaa, navyo vinang'aa kwenye ekografi kama mchanga. Pale iko mashini kubwa ya sumaku, inaonyesha kama ugonjwa umeshika mshipa wa kuona au ubongo.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kwa uvimbe mwingi, munganga anakata kipande kidogo kwanza, kinapimwa, ndipo anataja jina. Kwa uvimbe huu, ni mwiko kuchoma sindano. Jicho zima ni kama chungu kilichofungwa vizuri. Ukitoboa, seli mbaya zinapita kwenye tundu na kutoka inje, na mtoto ambaye angepona anaingia hatarini. Kwa hiyo munganga anapaswa kuamua kwa kuangalia tu. Ndiyo sababu haifai mtu asiyefundishwa aguse jicho la namna hii, na ndiyo sababu wanamtuma mtoto mbali, hata kama safari ni ndefu.

5. KAZI YA KISU

Kama uvimbe ungali mdogo, kuna njia za kuokoa jicho: kuuchoma kwa nuru kali ya laser, kuugandisha kwa baridi kali, au kuupunguza kwa dawa za kanseri. Lakini ukijaza jicho na hakuna tumaini la kuona tena, munganga anaondoa jicho zima. Hapa wazazi wengi wanakimbia.

Wa kwanza kushauri jambo hili kwa nguvu alikuwa James Wardrop, mpasuaji wa Edinburgh katika Scotland. Mwaka 1809 aliandika kitabu. Alikuwa amepasua macho ya watoto waliokufa, akaona ya kwamba ugonjwa unaanza mara mingi katika retina na kufuata mshipa wa kuona mpaka ubongoni. Akasema: ondoeni jicho mapema, mbele haujapita mule. Fikirini, wakati ule dawa ya usingizi haikuwepo bado. Ilionyeshwa mbele ya watu mwaka 1846. Baadaye, katika karne ile ile ya 19, Mjeremani Albrecht von Graefe alisisitiza ya kwamba inafaa kukata na kipande kirefu cha mshipa. Mpaka leo njia ni ile.

Leo mambo yanakwenda hivi:

Kwanza, mtoto analala kabisa kwa dawa ya usingizi. Hasikii kitu.

Pili, mpasuaji anaangalia tena ndani ya macho, kusudi awe na hakika ya jicho gani. Haangalii karatasi peke yake. Jicho likiondolewa halirudi.

Tatu, anafungua ile ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho. Anatafuta misuli sita inayogeuza jicho, anaitenga moja moja. Minne iliyonyoka anaifunga kwa uzi kusudi itumiwe tena.

Ne, anafika nyuma, kwenye mshipa wa kuona. Hapa ndipo kazi yenyewe. Anavuta jicho polepole, bila kulibana wala kulitoboa, na kukata mshipa mbali sana na jicho, zaidi ya milimita 10, ikiwezekana 15. Kwa nini? Kwa sababu mshipa huu ndiyo barabara ya kwenda ubongoni. Ukikata karibu, pengine unaacha adui njiani. Jicho la mtoto wa miaka miwili lina upana wa milimita 22 hivi; basi kipande kile cha mshipa kinapita nusu ya jicho lenyewe.

Tano, pahali pa jicho anatia mpira mdogo mgumu, anafunga ile misuli juu yake, anashona ngozi. Kwa hiyo shimo halibaki tupu, na uso wa mtoto unaendelea kukua vizuri pande zote mbili.

Kazi yote inaweza kumalizika kwa muda wa saa moja hivi. Na jambo linaloshangaza wazazi ni hili: mara mingi siku ya pili mtoto anaomba chakula na anataka kucheza. Jicho lile lilikwisha kuacha kuona zamani. Yeye hakupoteza kuona siku ile.

6. NYUMA YA KISU

Jicho lililoondolewa halitupwi. Linatiwa katika dawa ya formolo na kupelekwa kwenye laboratwari. Kule wanalikata vipande vyembamba sana na kuangalia kwa mikroskopi. Ulizo la kwanza: kwenye mwisho wa mshipa uliokatwa, kuna seli mbaya? La pili: ugonjwa umeingia katika kuta za jicho? Majibu haya yanaamua. Kama mambo yote ni safi, mtoto mwenye ugonjwa wa jicho moja karibu kila mara amepona kwa kisu peke yake. Kama kuna hatari, anapewa dawa za kanseri kwa miezi. Kwa hiyo mzazi asirudi kijijini mbele ya jibu la laboratwari kufika. Hapa pia tunapoteza watoto: kisu kilikwenda vizuri, jamaa ikafurahi, ikapanda motokari, na jibu likabaki mezani.

Nyuma ya majuma sita hivi, kidonda kikipona, mtoto anapewa jicho la kutengenezwa. Ni kama ganda jepesi lenye rangi ya jicho lake lingine. Linaoshwa, linabadilishwa akikua. Mtu asiyejua haoni upesi.

Tena ndugu zake wadogo wapimwe macho. Na mtoto mwenyewe arudi kupimwa kwa miaka, kwa sababu jicho la pili linaweza kushikwa. Yule mwenye aina ya kurithi, akiwa mkubwa na kuoa au kuolewa, awaambie wanganga: kila mtoto wake ana nusu ya bahati ya kupokea ile freni mbovu. Mtoto akipimwa tangu kuzaliwa, uvimbe unaonekana ungali mdogo, na mara mingi jicho linaokoka.

7. MAULIZO MLIYOULIZA KATIKA KILASI

"Mwalimu, watu wanasema wanganga wanauza macho. Ni kweli?"
Jicho lenye kanseri nani atalinunua? Hakuna munganga anayeweza kulitia kwa mtu mwingine na mtu yule akaona. Mwaka 2023, huko New York, wapasuaji walipandikiza jicho zima kwa mtu mzima, mara ya kwanza duniani. Jicho lilibaki na uzima, damu ikapita ndani, lakini nyuma ya mwaka mzima mtu yule hakuona nalo. Kinachopandikizwa kwa kawaida ni kioo cha mbele tu. Mzazi akiwa na wasiwasi, ana haki ya kuuliza na kuelezwa jicho litapelekwa wapi.

"Kila uvimbe wa mtoto unapasuliwa?"
Hapana. Mwaka 1958 munganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaoshika watoto wa Afrika, nao unaweza kusukuma hata jicho. Ule unasikia dawa upesi, kisu hakiuponyi. Mtu akiukata kwa haraka anamwumiza mtoto bure. Kwa hiyo jina la ugonjwa linatangulia, kisu kinafuata.

"Mama akisema tuombe kwanza?"
Tuombe. Na tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali. Sijaona andiko linalokataza mwenye kuomba kupanda motokari.

8. TOFAUTI YA MIEZI 16

Namba za mwisho, halafu nimemaliza. Wanganga wa nchi 153 walikusanya habari za watoto 4.351 waliotambuliwa na ugonjwa huu mwaka 2017. Katika nchi tajiri, nusu ya watoto walitambuliwa mbele ya kufikia miezi 14 hivi. Katika nchi maskini, ilikuwa miezi 30 hivi. Katika nchi tajiri, ugonjwa ulikuwa umetoka inje ya jicho kwa watoto wasiofika 2 katika 100. Katika nchi maskini, karibu nusu yao. Na miaka mitatu baadaye, kule tajiri karibu wote walikuwa wazima. Kwa maskini hawakufika 60 katika 100.

Ni ugonjwa ule ule, seli ile ile. Kweli, wale wana mashini na dawa ambazo hatuna, na hilo ni deni la wenye mamlaka. Lakini angalieni ile tofauti ya miezi 16. Ndani yake kuna umaskini na barabara mbaya, na kuna pia "ni taa tu", na maji ya majani, na "tungoje kidogo". Barabara hatuwezi kuitengeneza kwa likizo moja. Yale mengine tunaweza.

KAZI YA LIKIZO

Mkifika nyumbani, jioni, angalieni macho ya wadogo wenu na ya watoto wa majirani, kila jicho kwa zamu. Msimulike kwa tochi kali kwa muda mrefu. Mkiona weupe, msiwaogopeshe wamama kwa neno kanseri. Semeni kwa heshima: "Mama, jicho la mtoto linanishangaza. Tumpeleke kwa munganga wa macho juma hili, wala si mwezi ujao." Wakicheka, semeni tena. Na koko akisema ameona kitu, mkae karibu naye, mwangalie pale anapoangalia yeye.

MAULIZO YA KURUDILIA SOMO

1. Kwa nini mama hakuona weupe ambao koko aliuona?
2. Eleza kazi ya jeni RB1 kwa mfano wa freni za kinga.
3. Sababu gani munganga hachomi sindano katika uvimbe huu?
4. Kwa nini mpasuaji anakata mshipa wa kuona mbali na jicho?
5. Kituo chenu kinapokea watoto 60.000 wanaozaliwa katika miaka kumi. Unatazamia wangapi wawe na ugonjwa huu? Mwuguzi wa pale ataukumbuka kwa namna gani?

Majibu ya ulizo la tano mlete kwangu baada ya likizo, pamoja na habari ya yale mliyoyaona.

Mwalimu wenu wa biolojia